Sauti Ikipotea Isiachwe: Kisa cha Bulla Pesa na Maradhi ya Kupooza kwa Nyuzi za Sauti



Miongoni mwa neema alizotupa Mwenyezi Mungu, na tusizozikumbuka ila zinapotutoka, ni sauti. Kwa sauti mama humzuia mtoto anayekaribia moto, hujibu salamu ya jirani, na humsomesha binti yake herufi za mwanzo za Qur'ani. Wiki hii tutazungumza juu ya maradhi yanayoiondoa sauti hiyo, nayo ni kupooza kwa nyuzi za sauti. Nitaanza na kisa cha nyumbani kwetu. Mwenyewe amenipa idhini nikisimulie, kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe.

Shangazi yangu aliolewa Isiolo zaidi ya miaka 30 iliyopita, na nyumba yake ipo mtaa wa Bulla Pesa. Kwa wasomaji wa Pwani wasioujua mji ule, Isiolo upo kaskazini ya Mlima Kenya, pale nyanda za juu zinapokwisha na nchi kavu ya wafugaji inapoanza. Katika mitaa yake wanaishi pamoja Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana, na wengineo. Shangazi ni miongoni mwa akina mama wanaouza maziwa ya ngamia. Maziwa hukusanywa asubuhi kwa madumu, yakapakiwa kwenye gari yafike Eastleigh, Nairobi, kabla hayajaharibika. Ni biashara ya mdomo na simu. Na kila alasiri watoto wa kike wa mtaani huja barazani kwake kusoma Qur'ani.

Kwa miaka mingi alikuwa na rovu shingoni. Lilipoanza kumbana pumzi akilala, alifanyiwa upasuaji katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Rovu lilitolewa, na kidonda kikapona vyema. Lakini alipozinduka, sauti yake ilikuwa upepo mtupu. Aliambiwa ni ule mpira wa pumzi uliopitishwa kooni wakati wa usingizi, na kwamba siku chache zingetosha. Zikapita siku, zikapita wiki, kisha miezi. Kabla ya upasuaji hakuna aliyemweleza kwamba sauti ingeweza kuguswa, na baada yake hakuna aliyemtazama koo.

Nyumbani mambo yakawa mazito. Jirani akimtolea salamu ng'ambo ya njia, yeye alijibu lakini hakusikika, na wengine wakasema amepata kiburi. Wateja wakimpigia simu, walidhani laini ni mbovu, wakakata. Akinywa maji alipaliwa mpaka machozi yakamtoka. Mwanafunzi akikosea herufi, ilimbidi apige kofi la mikono ili amsimamishe. Mmoja alisema ni jicho. Mwengine akashauri akatwe kimeo. Watatu akaleta asali na habbasoda. Mume wake, ambaye ni mtu mwema, aliniambia kwa simu, "Shangazi yako siku hizi ametulia sana." Hakuwa ametulia. Alikuwa hawezi.

Nilipokwenda kumtazama mwezi wa tano, alinivuta karibu akaninong'oneza, "Mwanangu, salamu najibu, hawanisikii. Waniona mwenye kiburi." Hapo ndipo tulipoanza kutafuta tabibu wa koo, na ndipo nilipojifunza haya ninayowaletea leo.

NYUZI ZA SAUTI NI KITU GANI?

Mguse mtu kwenye kikoromeo akizungumza, utahisi mtetemo. Ndani yake mna nyuzi mbili fupi za nyama na utando laini, mmoja kulia na mmoja kushoto, zimekaa mfano wa mlango wa mabawa mawili juu ya bomba la pumzi. Nyuzi hizi zina kazi tatu. Tukivuta pumzi, hufunguka ili hewa ipite. Tukimeza, hufungika ili chakula na maji visiingie mapafuni. Tukisema, hukaribiana, na hewa itokayo mapafuni huzitetemesha. Kwa mwanamke hutetemeka kiasi cha mara 200 kwa kila sekunde moja, na kwa mwanamume kiasi cha nusu ya hapo au zaidi kidogo. Ndiyo maana sauti ya mwanamke ni nyembamba zaidi.

Nyuzi hizi huendeshwa na neva, yaani mishipa inayobeba amri kutoka kwenye ubongo. Iliyo kuu ina njia ya ajabu. Haiendi moja kwa moja kooni, bali hushuka hadi kifuani, ikageuka, kisha ikapanda tena shingoni. Kwa hiyo matabibu wameiita neva irudiayo. Ile ya kulia huzunguka chini ya mshipa wa damu uendao mkono wa kulia. Ile ya kushoto hushuka chini zaidi, ikapita chini ya mshipa mkuu wa damu utokao moyoni. Zote mbili, zikipanda, hupita nyuma ya tezi ya shingo, mahali penyewe panapoota rovu.

Neva hii imejulikana tangu zamani. Jalinus, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 2, alionyesha mbele ya watu kwamba mnyama anayepiga kelele hunyamaza papo hapo neva hizo zikifungwa au zikikatwa. Vitabu vyake vilifasiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad katika karne ya 9, na mfasiri mkubwa katika kazi hiyo alikuwa Hunayn ibn Ishaq. Kwa njia hiyo elimu hii ikawafikia matabibu wa Kiislamu walioiendeleza.

Neva ikiumia, ikibanwa au ikikatika, uzi wa upande wake huacha kutembea. Huko ndiko kupooza kwa uzi wa sauti. Mlango uliokuwa ukifungika kwa mabawa mawili sasa hufungwa na bawa moja, na hewa huvuja katikati. Sauti huwa ya upepo, na maji hupata mwanya wa kuteremkia mapafuni.

MAMBO YANAYOSABABISHA

La kwanza ni upasuaji wa shingo au kifua: wa rovu, wa moyo, wa mapafu, wa umio, au wa uti wa mgongo shingoni ukifanywa kwa upande wa mbele. Hili lisimtishe mwenye rovu akakataa upasuaji anaouhitaji. Mikononi mwa wapasuaji wenye uzoefu, wanaopata madhara ya kudumu katika sauti ni wachache, aghalabu mmoja au wawili katika kila wagonjwa 100. Wengine hupata madhara ya muda, kisha neva ikapona. Hata mpira wa pumzi wa wakati wa usingizi huweza kuiumiza neva au kuteguza kiungo kidogo kinachoubeba uzi, ingawa si mara nyingi.

La pili ni uvimbe. Saratani ya tezi ya shingo, ya umio au ya mapafu huweza kuibana neva. Pengine kupotea kwa sauti huwa ndiyo dalili ya mwanzo ya saratani iliyojificha kifuani. Hii ndiyo sababu kubwa ya kutoliacha jambo hili likae.

La tatu ni kifua kikuu. Kinaweza kuvimbisha tezi za kifuani zikaibana neva, au makovu yake mapafuni yakaivuta. Tena kifua kikuu chenyewe huweza kuingia kooni na kuharibu sauti bila ya kupooza.

La nne ni maradhi ya moyo. Mwaka 1897 tabibu Norbert Ortner wa Vienna alieleza habari za wagonjwa waliopotewa na sauti kwa sababu mlango mmoja wa moyo umekuwa mwembamba, na chumba cha moyo kilicho nyuma yake kimetanuka hata neva ya kushoto ikabanwa. Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina uzito, kwa kuwa maradhi hayo ya mlango wa moyo mara nyingi hutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni, ambayo huanza na maumivu ya koo yasiyotibiwa. Mama anayempeleka mwanawe mwenye koo na homa zahanati, akamalizishia dawa aliyoandikiwa, huenda anaulinda moyo wa mtoto huyo na sauti yake ya utu uzima.

La tano ni kiharusi na maradhi mengine ya ubongo na neva. La sita ni majeraha: ajali ya bodaboda, kisu, risasi au kukabwa shingo. La saba ni hali ambazo sababu yake haionekani hata baada ya uchunguzi kamili. Matabibu hudhani baadhi yake huletwa na virusi vilivyoishambulia neva, na sehemu ya wagonjwa hawa hupona wenyewe baada ya miezi.

Watoto nao hawakusalimika. Mtoto mchanga huweza kuzaliwa na nyuzi zilizopooza, au akaumia neva wakati wa kuzaliwa kwa shida. Kilio chake huwa dhaifu, hupaliwa akinyonya, au hutoa mlio wa kukoroma kila avutapo pumzi. Asiachwe kwa kusema atakua nao.

DALILI ZA KUANGALIA NYUMBANI

Uzi mmoja ukipooza, sauti huwa ya upepo, ya kukwaruza au ya chini. Mtu hawezi kupaza. Huishiwa na pumzi katikati ya maneno. Hukohoa bila ya nguvu, kwa sauti ya bovu. Na hupaliwa hasa na vitu vyepesi kama maji na chai kuliko ugali au wali. Jioni husikia koo limechoka kama aliyebeba mzigo.

Nyuzi zote mbili zikipooza, hali huwa kinyume na watu wanavyodhani. Sauti huweza kubaki karibu na kawaida yake, lakini nyuzi zimekaa katikati na hazifunguki, kwa hiyo shida huwa ni pumzi. Mgonjwa hutoa mlio akivuta hewa, na baadhi ya watu huambiwa wana pumu. Mtu anayevuta pumzi kwa mlio na kwa taabu apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Si kila sauti iliyokauka ni kupooza. Mafua, kupiga kelele, kiungulia kinachopanda kooni, sigara na vinundu juu ya nyuzi vyote hukausha sauti. Kanuni iliyo nyepesi kukumbukwa ni hii: sauti iliyokauka ikapita wiki tatu au nne bila ya kurudi, koo lazima litazamwe. Na ikiwa imepotea baada ya upasuaji, au pamoja na kupaliwa, kukonda, kutema damu, uvimbe shingoni au shida ya pumzi, asingojee hata wiki hizo.

YASIYOFAA KUFANYWA

Kukata kimeo ni desturi iliyoenea sehemu nyingi za Afrika Mashariki, kwa watoto na hata watu wazima. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo. Nyuzi za sauti zipo chini zaidi, ndani ya kikoromeo. Kukikata hakuifikii neva iliyoumia, na kwa wembe usiotakaswa kunaleta kuvuja damu, usaha na hata pepopunda. Shangazi alikataa, na alifanya vyema.

Asali, tangawizi na habbasoda huweza kumpoza mtu mwenye koo linalowasha, wala hatuzikatazi kwa mtu mzima anayemeza vizuri. Lakini haziwezi kuiunga neva, na mgonjwa anayepaliwa huweza kudhurika kwa kila kinywaji chepesi anywacho kwa haraka. Vilevile kunong'ona kwa kujikaza siku nzima hakuipumzishi sauti, huichosha.

Ama dua na ruqya, hizo ni silaha ya Muislamu, na wala hazipingani na tabibu. Mtume wetu (s.a.w.) alituhimiza tutafute dawa. Kumsomea mgonjwa usiku na kumpeleka hospitali asubuhi ni mambo mawili yanayokwenda pamoja.

UCHUNGUZI UNAVYOFANYWA

Mwaka 1854 Manuel Garcia, mwalimu wa kuimba aliyezaliwa Hispania na kuishi London, alitumia kioo kidogo cha daktari wa meno na mwanga wa jua, akaziona nyuzi zake mwenyewe zikifunguka na kufungika. Tangu hapo imekuwa hakuna haja ya kubahatisha. Leo tabibu wa masikio, pua na koo hutumia kioo kama kile, au kamera nyembamba inayopitishwa puani baada ya kutiwa dawa ya ganzi. Mgonjwa huketi kitini, huvuta pumzi na kutamka "iii", na kwa dakika chache huonekana ni uzi upi usiotembea. Haihitaji kulazwa wala kisu.

Kwa dada zetu wanaoona haya, uchunguzi huu huhitaji uso na pua tu. Unaweza kuomba tabibu mwanamke akiwapo, na unaweza kuingia na mumeo, mamako au bintiyo.

Ikiwa sababu haijulikani, hutakiwa picha ya CT inayofuata njia yote ya neva, kuanzia chini ya fuvu hadi kifuani. Huenda pia zikahitajika picha ya kifua, uchunguzi wa makohozi, kipimo cha moyo au cha tezi ya shingo. Pale penye mitambo, misuli ya koo hupimwa kwa umeme kujua kama neva ina dalili za kupona.

Aishiye Isiolo aanzie hospitali ya rufaa ya kaunti. Kenya ina maafisa wa kliniki waliosomea masikio, pua na koo, na hao huweza kumtazama au kumwandikia barua ya rufaa kwenda Meru au Nairobi, ambako Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ina idara ya fani hiyo. Tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF imeipisha mamlaka mpya ya SHA. Basi kabla ya safari hakikisheni usajili wenu na michango iko sawa, na mchukue barua ya rufaa pamoja na karatasi za upasuaji wa nyuma.

TIBA ZILIZOPO

Kwanza hutibiwa chanzo: kifua kikuu kwa dawa zake, saratani kwa njia zake, moyo kwa tabibu wa moyo.

Pili ni mazoezi ya sauti chini ya mtaalamu wa usemi. Hufundisha kupumua kwa tumbo, kutumia sauti bila ya kuikaba, na kumeza kwa usalama, kwa mfano kuinamisha kidevu na kunywa fundo dogo dogo. Uzi ulio mzima huweza kujifunza kumfuata mwenziwe.

Tatu ni sindano ya kujaza uzi uliopooza, ili usogee katikati na mwenziwe aufikie. Dawa inayotumika kwa kawaida huyeyuka baada ya miezi kadhaa, na katika muda huo neva hupata nafasi ya kupona. Hufaa hasa kwa anayepaliwa.

Nne ni upasuaji wa kudumu: kipande kigumu huwekwa ndani ya kikoromeo kuusukuma uzi katikati. Njia hii ilielezwa na tabibu Nobuhiko Isshiki wa Japani mwaka 1974. Kwa kuwa neva huweza kuchukua hadi mwaka mmoja kuamka, matabibu aghalabu husubiri kati ya miezi 6 na 12 kabla ya kufanya jambo la kudumu, ila ikijulikana kwa yakini kwamba neva imekatika. Ipo pia njia ya kuiunganisha neva iliyokatika na neva nyingine ya shingo.

Zikipooza zote mbili, lengo la kwanza ni pumzi. Mgonjwa huweza kutobolewa tundu shingoni apumulie, kisha baadaye njia ya hewa hupanuliwa. Tundu hilo huogopwa sana, lakini limeokoa roho nyingi.

KABLA YA KUKUBALI UPASUAJI WA ROVU

Muulize mpasuaji mambo matatu, na uyaulize bila ya haya: Je, nyuzi zangu zitatazamwa kabla na baada ya upasuaji? Umefanya upasuaji kama huu mara ngapi? Sauti yangu ikibadilika, nirudi kwa nani na baada ya siku ngapi? Mpasuaji mwema hachukizwi na maswali haya. Na ili rovu lipungue vizazi vijavyo, nunueni chumvi ya paketi iliyotiwa ayodini na muihifadhi chomboni penye mfuniko.

NENO KWA WENYE MGONJWA

Kilichomuumiza shangazi zaidi, hata kuliko kupaliwa, ni kudhani kwamba sala yake na usomeshaji wake vimeharibika. Imamu wa pale alimtuliza. Dini haimtwishi mtu asichokiweza. Asome kwa kadiri ya ulimi wake, na Mwenye kusikia anasikia. Maneno yale yalimwondolea mzigo kuliko dawa ya siku hiyo.

Nasi wa nyumbani tuna wajibu. Tumkaribie tunapozungumza naye, tuzime redio, tumpe muda amalize. Tuwaambie majirani ukweli ili wasimdhanie kiburi. Na mwanamke anapokuwa kimya ghafla, tusiharakishe kumsifu kwa utulivu. Tumuulize kwanza kama sauti ipo.

Tabibu wa Nairobi aliona uzi wa kushoto umesimama kabisa. Shangazi alipewa sindano ya kujaza, kwa kuwa alikuwa akipaliwa sana, akafundishwa mazoezi ambayo huyafanya baada ya sala ya Alfajiri. Sauti yake si ile ya zamani. Ni ya chini, na jioni huchoka. Ataangaliwa tena mwaka ukitimia tangu upasuaji, ijulikane kama neva imeamka au atahitaji tiba ya kudumu. Lakini maji anakunywa bila ya kupaliwa, wateja wa Eastleigh wanamtambua kwenye simu, na wanafunzi wamerejea barazani. Na jirani wa ng'ambo ya njia akitoa salamu, sasa anasikia jibu.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wote, na atujaalie tuzisikie sauti za watu wetu kabla hazijapotea. Amin.